Nzi wa Manyoya

Kisaju, kupitia Kitengela
6 Julai 1999

Dada Ndanu,

Pokea salamu za sisi wote wa hapa Kisaju. Mbeke alijifungua salama mwezi wa tano, ni msichana, na tumempa jina la Mama, Kalunde. Ana sauti kubwa kuliko yule mwenye jina. Baridi ya mwaka huu si mchezo. Asubuhi ukungu unafunika barabara ya Namanga hadi saa tatu, na mbuzi wawili wameenda na kikohozi. Nyinyi huko Magadi mnachomeka, najua. Tieni joto kidogo kwa bahasha mkijibu. Ouko na watoto wako aje?

Sasa nikuambie kuhusu Baba, na sijui nianzie wapi.

Tangu aache kazi ya ulinzi kwa shamba la maua kule Isinya, hakai nyumbani. Kuna mzungu aliyekuwa fundi wa pampu za shamba hilo. Huyo alikuwa akija Jumapili kwa lile bwawa la ng'ombe nyuma ya boma la Kasaine, na Baba alikuwa akienda kumtazama tu. Mzungu alirudi kwao mwezi wa tatu akamwachia Baba fimbo nyembamba, ndefu kunishinda mara mbili, iliyo na kamba nene ya manjano. Sasa kila siku Baba anaenda. Anapiga magoti kwa matope, mtu wa miaka sitini na tano, na anairusha ile kamba mbele na nyuma juu ya kichwa chake kama anayechapa hewa. Usiku anailaza kitandani kwake.

Halafu manyoya. Amenyonyoa jogoo wa Mbeke shingoni hadi jogoo anatembea uchi. Anafunga yale manyoya kwa kandoano kadogo na uzi mwekundu, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwuliza, "Baba, hiyo ni nini?" Akasema, "Nzi." Nikamwuliza, "Na huko kwa bwawa unatafuta nini?" Akasema, "Kapu."

Sina la kuongeza. Jumapili iliyopita hata kanisani hakuja. Wewe ndiye mkubwa, niambie nifanye nini.

Ni mimi ndugu yako,
Mulinge


Magadi
15 Agosti 1999

Mulinge ndugu yangu,

Barua yako ilikaa wiki tatu kwa sanduku la mwenzake Ouko ambaye alikuwa likizo, kwa hivyo usifikiri nilinyamaza. Tunashukuru Mungu kwa ajili ya Kalunde. Mwambie Mbeke nimemshonea kitambaa cha kumbebea, nitakituma nikipata mtu anayekuja upande huo. Florence wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na anaongea kwa mluzi. Ouko yuko salama, anafanya zamu ya alfajiri kiwandani. Joto ni lile lile, mchana hata paka hawatoki nje ya nyumba za kampuni.

Nilisoma hiyo barua nikaogopa. Mzee anayetafuta kapu ndani ya bwawa na kuita manyoya nzi, hiyo ni akili inaenda. Nilikuwa karibu kukuandikia umpeleke daktari Kajiado. Nikamsomea Ouko, naye akacheka hadi akaweka kijiko chini. Anasema kapu ni samaki. Mnene, magamba makubwa, na ndevu kidogo kwa mdomo. Wazungu ndio waliomleta nchini. Labda mvua kubwa za mwaka wa juzi zilipasua bwawa la shamba fulani, samaki wakashuka hadi kwenu.

Basi Ouko alipomaliza kucheka, mimi nikakasirika. Mulinge, mwaka wa tisini na moja ulikuwa shule ya bweni, hukuwa pale. Ouko alikuja kwetu kuniposa, na wajomba zake wanne kutoka ziwani, wamevaa suti kwa jua lile. Baba alisimama hata chai haijamiminwa. Akasema, "Sina ubaya na nyinyi. Lakini nyumba yangu haitanuka samaki." Wakaondoka hivyo hivyo. Mjomba mmoja alisahau kofia, na hakuna aliyethubutu kurudi kuichukua.

Leo ndiye anapiga magoti kwa matope akitafuta samaki! Uniambie huyo ni Baba gani, kwa sababu mimi simjui.

Usiniulize nitakuja lini. Na kile kitu ulichotaka kuniuliza kwenye mazishi ya Mama, mwaka jana Februari, usiniulize.

Wako,
Ndanu


Kisaju
28 Novemba 1999

Dada Ndanu,

Kitambaa kilifika, Mbeke anakifunga hata akienda choo. Kalunde anakaa sasa. Shamba nimepanda mahindi na maharagwe, lakini mvua ilinyesha siku nne ikasimama. Tunaangalia juu tu. Watu wa kanisa wanakusalimia, hasa mama Soipan, jirani, mke wa mzee Kasaine.

Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka kuona na macho yangu kabla sijaandika. Baridi yote Baba hakushika kitu. Alisema samaki wamelala chini, hawana njaa. Halafu siku ya pili ya mvua, jioni, kumbikumbi walitoka ardhini, unajua vile wanajaa hewani, wakaanza kuanguka juu ya maji. Nilikuwa nimemfuata kumpelekea koti.

Bwawa lilikuwa linachemka, Ndanu. Midomo inatoka kwa maji, mviringo, inanyonya kumbikumbi mmoja mmoja bila haraka. Baba alifunga nzi wa rangi ya udongo, mwenye mabawa. Akanionyesha kwa kiganja: ukimweka karibu na kumbikumbi wa kweli, huwezi kujua ni yupi ana ndoano. Akarusha. Ile kamba ilienda nyuma ikanyooka, ikaenda mbele ikanyooka, na yule nzi akashuka polepole kama ameamua mwenyewe. Mdomo mmoja ukaja chini yake. Ukangoja. Mimi nilisahau niko na koti mkononi. Ukamnyonya.

Walivutana hadi giza likaanza. Alipomleta ukingoni alikuwa samaki wa kilo tatu hivi, rangi ya sufuria ya shaba, ananitazama. Baba alimtoa ndoano kwa vidole viwili. Nikasema, "Leo Mbeke atashangaa." Na Baba akamrudisha kwa maji!

Nikamwuliza, "Baba, kwa nini?" Alimkausha yule nzi kwa pumzi, akaandika kitu kwa kijitabu, akasema, "Huyu anafanya kazi."

Nani anafanya kazi? Mama Soipan alikuwa ng'ambo ya bwawa na ndama wake, aliona yote. Alicheka, lakini si kicheko kizuri. Mimi nimeshindwa. Ningejua ni mgonjwa ningelia, ningejua ni mzima ningemkemea. Sasa sijui nifanye nini.

Mulinge


Magadi
16 Januari 2000

Mulinge mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Tulikula Krismasi vizuri, mbuzi mmoja tukagawana na majirani watatu. Florence anaanza darasa la pili. Ouko alikuwa na malaria lakini ameamka. Mwaka mpya huu tuliambiwa mitambo yote itazima, kumbe hakuna hata balbu iliyozima.

Nimefikiria barua yako mwezi mzima. Kuna jambo wewe hujui kwa sababu ulikuwa mdogo, unakaa na nyanya kule Mukaa. Unajua Mama alifanya kazi Nairobi, lakini unajua alifanya nini? Ukiulizwa utasema, "Kushona." Wote tulisema hivyo. Hakuwa anashona. Kulikuwa na nyumba Industrial Area, wanawake thelathini wamekaa kwa meza, na kila mmoja ana kibano cha chuma mbele yake. Walikuwa wanafunga manyoya kwa ndoano. Siku nzima. Zinawekwa kwa visanduku zinaenda Ulaya. Mama alifanya hiyo kazi miaka kumi na tisa, hadi macho yakakataa.

Krismasi moja aliniletea moja, ya kijani, ina uzi wa dhahabu. Nikaibandika kwa gauni la kanisa nikifikiri ni ua. Nilimwuliza ni ya nini, akasema, "Ni nzi." Nikauliza, nzi wa nini? Akasema, "Wanasema ni wa samaki. Mimi sijawahi kuona."

Kwa hivyo hao nzi ni wa Mama. Lakini Baba anataka nini nao sasa? Mama alipokuwa hai, Baba hakuwahi kumsaidia hata kupitisha uzi kwa sindano. Ninachanganyikiwa, na nikianza kuelewa kidogo naona afadhali nisielewe.

Mchunge. Simaanishi nimemsamehe.

Ndanu


Kisaju
7 Mei 2000

Dada Ndanu,

Nisamehe kwa kukawia. Kalunde anatembea. Mbeke yuko sawa, amekonda. Mvua ya masika haikuja kabisa, ilipita kama gari la mtu mkubwa, tukaona vumbi tu. Ng'ombe wa Kasaine walikuwa arobaini, amebaki na kumi na mmoja, na hao wanainuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia. Mahindi yangu nimelishia mbuzi yakiwa urefu wa kiatu.

Bwawa limerudi nusu. Mwezi wa pili, joto lilipokuwa kali, samaki walikuja maji machache, wanachimba tope na mikia iko nje. Baba alishika sita kwa wiki moja na nzi mweusi mdogo kama punje ya mtama. Akawarudisha wote. Watu wakaona.

Ndanu, wewe hujaona vile anarusha. Ukiwa mbali huoni kamba. Unaona mzee amesimama peke yake, uso juu, anapunga mkono kuelekea mawingu, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Na siku hiyo hiyo mawingu yanaondoka. Mtu akasema anafukuza mvua. Mwingine akasema ndiyo maana ananyonyoa kuku na kufunga nyuzi nyekundu. Mwezi wa tatu mzee Kasaine alikuja kwangu jioni, akakataa kiti. Akasema, "Mulinge, mimi sisemi baba yako ni mtu mbaya. Tumekaa na yeye miaka kumi. Mimi nauliza tu, anafukuza nini? Kwa sababu vijana wanauliza pia, na vijana hawaulizi kama mimi."

Nilimwomba Baba aache. Akasema, "Nimebakisha kumi na moja." Nikauliza kumi na moja nini. Akaingia ndani.

Sasa imetulia. Fimbo ya Baba imevunjika, kwa hivyo haendi tena kurusha. Anaenda tu kukaa. Watu wamenyamaza.

Ni hayo tu. Salimia Ouko.

Mulinge


Magadi
18 Juni 2000

Mulinge,

Watoto wako salama, mimi niko salama, joto limepungua kidogo. Salamu ndizo hizo, kwa sababu leo sina subira.

Umeandika "fimbo imevunjika". Nimesoma hilo neno mara nyingi. Sahani huvunjika, Mulinge. Fimbo ambayo mzee anailaza juu ya kitanda chake haivunjiki yenyewe.

Nikuambie kitu ambacho hata mimi sikuambiwa hadi juzi. Mwezi uliopita Ouko alitumwa Athi River kuchukua vipuri. Akarudi amechelewa siku moja, akasema gari liliharibika. Kumbe alienda Kisaju. Hakufika nyumbani, aliogopa. Alienda bwawani akamkuta Baba amekaa juu ya jiwe. Hawakuwa wameonana tangu ile siku ya kofia, kwa maana mazishini nilikuja peke yangu. Anasema Baba alimtambua, akasogea kidogo, jiwe likawa la watu wawili.

Ouko akamwuliza, "Mzee, nasikia una fimbo ya kuvua. Iko wapi?"

Baba akasema, "Ng'ombe aliikanyaga."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa nyumbani."

Nyumbani kwenu hamna ng'ombe, Mulinge.

Baba alimwangalia Ouko kwa muda mrefu kama mtu aliye na swali, halafu akasema tu, "Salimia watoto." Tangu siku hiyo nikimwuliza Ouko anafikiria nini, anasema, "Yule mzee si mgonjwa."

Nijibu.

Ndanu


Kisaju
3 Septemba 2000

Dada Ndanu,

Tuko hai. Kalunde amejua kusema "maji", ndilo neno linalosemwa sana hapa.

Barua yako nilikaa nayo wiki saba mfukoni. Ni mimi. Nilingoja Baba aende kuoga, nikaichukua kitandani, nikaenda nayo nyuma ya zizi la mbuzi, nikaivunja kwa goti. Nilifikiri itavunjika rahisi. Ilipinda, ikapinda, ikakataa, hadi nikaikanyaga. Nilijiambia ninamwokoa na wale vijana. Lakini ukweli ni kwamba siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimeangalia mkono wake na nikaangalia mawingu, na kwa muda mdogo nikaamini. Baba yangu mzazi. Hilo ndilo sikuweza kukuandikia.

Mwezi uliopita bwawa lilibaki tope, mahali padogo kama sakafu ya jikoni, na samaki wamelala ubavu wakipumua hewa. Makorongo walikuwa wamezunguka wakingoja. Baba aliingia hadi mapajani na gunia lililolowa. Nikavua viatu nikaingia pia. Tukiwa humo ndani, sote tumepakwa tope hadi machoni, nikamwambia, "Baba, ng'ombe ni mimi."

Akasema, "Nilisikia. Bafu haina ukuta mnene. Shika huyu kichwa, mimi nishike mkia."

Mzee Kasaine alikuja na mama Soipan, wakasimama ukingoni. Nikafikiri ni vita. Kasaine akaangalia mbingu, hakuna wingu, akamwangalia Baba aliye na samaki kifuani kama mtoto mchanga. Akasema, "Sasa miezi mitano hajapunga mkono, na mvua bado iko wapi? Mama Soipan, leta punda." Tuliwatia saba kwa mapipa mawili, tukawapeleka Isinya kwa tangi la shamba la maua, ambako Baba alilinda geti. Wawili walikufa njiani. Watano waliingia majini wakaenda chini bila kutuangalia.

Wakati wa kurudi nilimwuliza yote. Akaniambia Mama aliacha mkebe wa maziwa una nzi sitini na nne, kila moja aina yake, alizofunga nyumbani jioni. Baba anaogopa kuzipoteza, kwa hivyo anaiga moja moja na kujaribu kama samaki atadanganyika. Hamsini na tatu zimefanya kazi.

Alisema, "Mama yenu kabla hajafa aliniuliza kama hivyo vitu kweli vinashika samaki, ama alipoteza macho yake kwa mchezo wa watu. Miaka thelathini na minne mke wangu, ananiuliza swali moja, na mimi nikasema sijui. Samaki wa kula sikutaka. Nilitaka jibu."

Nikasema, "Si mngeuliza mtu?"

Akasema, "Tuliuliza mahali. Hatukujibiwa."

Nikamwuliza ni wapi. Akampiga punda kidogo, akatangulia.

Fimbo tumeifunga na uzi na gundi. Ni fupi sasa, inarusha vibaya. Mimi ndiye namshikia miwani.

Ndugu yako,
Mulinge


Magadi
24 Oktoba 2000

Mulinge ndugu yangu,

Watoto hawajambo. Sijui kama mimi sijambo.

Ulitaka kuniuliza mazishini kwa nini sikuja Mama alipokuwa mgonjwa, na kabla hujamaliza nikakuambia sikujua. Si kweli. Kulikuja barua. Ilifika Januari mwaka huo wa tisini na nane, barabara zikiwa zimekatwa na mafuriko, bahasha imelowa ikakauka. Lakini mwandiko juu ulikuwa wa Baba. Nilijiambia, miaka saba hajaniandikia, sasa ameniandikia kunitukana tena. Nikaiweka chini ya nguo sandukuni. Wiki tano baadaye ikaja habari ya kifo, na baada ya hapo ningeifunguaje? Nimehama nyumba mara mbili nikiibeba.

Uliposema waliuliza mahali wasijibiwe, nilisimama hapo hapo nikaenda sandukuni.

Ni karatasi moja. Mama anasema na Baba anaandika, unaona vile alivyokuwa anaruka mistari. Mama anasalimia, anauliza kama Florence ameanza shule, anasema macho sasa yanaona mwanga tu. Halafu ameandika hivi, ninakunakilia neno kwa neno: "Ndanu, mwulize mume wako. Yeye ni mtu wa ziwani, hao watu mambo ya samaki wanayajua. Mwulize kama samaki kweli hudanganywa na nzi wa manyoya. Baba yako pia anataka kujua. Amesema ni sawa nimwulize Ouko."

Baba ameyaandika hayo kwa mkono wake, Mulinge. Na alingoja. Aliona Mama akifa akingoja, na hakuniambia kitu pale kaburini. Alinipa maji ya kunawa tu. Alipochoka kungoja jibu langu ndipo akaenda bwawani kujitafutia.

Nimelia hadi Florence akaenda kumwita baba yake kazini. Ouko alisoma ile karatasi akiwa amesimama, bado amevaa helmeti. Nikamwuliza, "Ungewajibu nini?"

Akasema, "Sijui. Kwetu tunatumia nyavu."

Halafu akavua helmeti, akasema tukuandikie kwamba tunakuja Jumamosi ya kwanza ya Desemba, sote wanne. Anataka Mzee amweleze habari ya nzi.

Dada yako,
Ndanu